Unyevu ndani ya nyumba za Kampala: maji hutoka wapi, na huzuiwaje

Kila mwaka mvua za Machi zinapokolea, kuta nyingi za Kampala hubadilika sura. Rangi hufura kama ngozi iliyoungua, lipu hupukutika chini ya dirisha, unga mweupe hutokeza juu kidogo ya sakafu, na nyuma ya kabati huonekana madoa meusi ambayo wiki iliyopita hayakuwapo. Nguo zilizokunjwa sandukuni hunuka uvundo. Mtoto huanza kukohoa usiku. Ifikapo Juni, jua likisharudi, mwenye nyumba humwita fundi, ukuta hupakwa rangi mpya, na mambo huonekana yamekwisha, mpaka Septemba mvua za pili zinapoanza.

Rangi haizuii maji. Huyaficha kwa miezi mitatu. Unyevu wa nyumbani una njia tatu kubwa za kuingilia: ardhini, juu, na wakazi wenyewe kwa kupika, kuoga, kufua na kupumua. Kila njia ina dawa yake, na dawa ya njia moja haitibu nyingine. Aliyeziba paa hatakausha ukuta unaonyonya maji ya msingi, na aliyebandua lipu yote ya chini hatazuia matone yanayodondoka alfajiri kutoka kwenye bati. Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, ni kujua maji yanatoka wapi.

Jiji lenyewe limekaa mahali penye maji. Kampala iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, karibu na Ziwa Victoria, na hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi ikinyesha kati ya Machi na Mei, kisha tena kati ya Septemba na mwanzo wa Desemba. Hata katikati ya misimu hiyo, mvua ya radi kutoka ziwani huweza kushuka alfajiri bila kubisha hodi. Vilima kama Kololo, Nakasero, Makindye na Muyenga humwaga maji yao katika mabonde ya Nakivubo, Lubigi na Kinawataka, ambayo zamani yalikuwa vinamasi vya mafunjo. Jiji lilipotanuka, sehemu za mabonde hayo zilijazwa udongo na takataka, na watu wakajenga juu yake. Mkazi wa Bwaise au Namuwongo anajua kwamba maji hayaji kwake kutoka mawinguni tu. Yapo chini ya miguu yake mwaka mzima.

Maji ya ardhini

Tofali la udongo la kuchoma, ambalo ndilo linalobeba nyumba nyingi za Uganda, limejaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Likikaa juu ya ardhi iliyolowa, hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Maji hayo hupanda ukutani, kwa kawaida si zaidi ya mita moja hivi, yakibeba chumvi za udongo. Yanapofika usoni mwa ukuta na kukauka, huziacha chumvi nyuma, nazo ndizo ule unga mweupe unaoonekana kama majivu. Chumvi zinapoganda ndani ya lipu huisukuma na kuipasua. Dalili ya unyevu wa aina hii ni doa lililonyooka kama mstari, likifuata ukuta wote kwa kimo kilekile, mvua inyeshe au isinyeshe.

Kinga yake inajulikana na ni rahisi, kama ikiwekwa kwa wakati wake. Ni utando mzito wa plastiki au wa lami, ambao mafundi wa hapa huuita kwa kifupi DPC, unaotandazwa juu ya ukuta wa msingi kabla tofali za juu hazijaanza kupangwa. Unapaswa kufunika upana wote wa ukuta, vipande vyake vipandane pale vinapokutana, na uwe juu ya ardhi ya nje kwa angalau sentimita 15. Plastiki nyingine hutandazwa chini ya sakafu kabla ya zege kumwagwa, na mbili hizo zikutane pembeni pasibaki mwanya. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya nyumba nzima. Hata hivyo ni miongoni mwa vitu vinavyorukwa mara nyingi, kwa sababu ukuta ukishapanda hakuna awezaye kuona kama utando uliwekwa. Wapo pia wanaoweka kaveera nyepesi ya kufungia bidhaa, ambayo hutoboka kabla tofali la kwanza halijakaa sawa. Anayejenga na awepo siku hiyo, au amtume mtu anayemwamini, apige na picha.

Utando ulio mzima nao huweza kurukwa na maji. Lipu ya nje ikishushwa mpaka ardhini, maji hupanda kupitia lipu yenyewe. Udongo ukilundikwa ukutani kwa ajili ya maua, au baraza likijengwa juu kuliko sakafu ya ndani, matokeo ni yaleyale. Kuna na tatizo ambalo wakazi wengi wa jiji wanalijua lakini hawakulisababisha: barabara ya mtaa inapotengenezwa, huinuliwa kwa tabaka la kifusi, na nyumba iliyokuwa juu ya njia hujikuta iko chini yake. Mvua ya kwanza baada ya sherehe ya ufunguzi huingia mlangoni.

Katika nyumba iliyokwisha kujengwa, anza nje. Ondoa udongo uliogusa ukuta mpaka ardhi iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au 20. Kata lipu ya nje isiguse ardhi. Zungushia nyumba ukanda wa zege wenye upana wa nusu mita au zaidi, uinamie nje, na mwisho wake uwe mfereji unaofika mahali fulani. Mfereji unaoishia kwenye ua wa jirani umehamisha ugomvi tu. Nyumba zilizochongewa ubavuni mwa kilima, kama zilivyo nyingi za Makindye na Muyenga, zina shida ya ziada: ukuta wa nyuma umeegemea udongo, na maji ya kilima huusukuma kutoka kando. Hapo rangi ya kuzuia maji ikipakwa ndani hubanduka, kwa kuwa maji yanaisukuma kutoka nyuma. Dawa ni kuyakatia maji njia kabla hayajaufikia ukuta, kwa kuchimba handaki upande wa kilima, kuweka bomba lenye matundu chini yake, na kulijaza kokoto ili maji yazunguke nyumba badala ya kupita ndani yake.

Wauzaji wa vifaa hutoa pia dawa za kuchoma ukutani, ambazo huingizwa katika mashimo yaliyotobolewa kwa mstari na kufanya kazi ya DPC. Zipo zinazofaa, lakini ni ghali, na hazifai kitu kama udongo wa nje bado umeukumbatia ukuta. Kwa nyumba iliyo ndani ya kinamasi, ni afadhali kusema ukweli: mifereji hupunguza, haimalizi. Anayetafuta kiwanja au chumba cha kupanga atazame kinachoota uani. Magimbi na mafunjo yakistawi bila kumwagiliwa, maji yako karibu, hata kama dalali anaapa kuwa pamekauka.

Neno moja kuhusu saruji. Lipu ngumu ya saruji juu ya ukuta uliolowa huufungia unyevu ndani, nao hutafuta njia ya juu zaidi. Miji ya pwani yetu iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, kama Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, ilitumia chokaa, ambayo huruhusu ukuta kupumua. Kuta hizo zinapokarabatiwa kwa saruji huanza kumomonyoka, na wahifadhi wa majengo wamelipigia kelele jambo hilo kwa miaka mingi. Tofali la Kampala si tumbawe, lakini kanuni ni hiyohiyo: ukuta wa zamani usio na DPC hukaa vizuri zaidi na lipu yenye chokaa kuliko na ya saruji tupu.

Maji ya juu

Doa la paa huwa juu, darini au kwenye pembe ya ukuta, na hukua mara baada ya mvua. Mara nyingi kosa ni dogo: mpira wa chini ya msumari umekauka na kupasuka, bati zimepandana kwa upana mdogo, au majani yameziba mfereji wa bati kwenye kona ambapo paa mbili hukutana. Fundi mwenye ngazi na misumari mipya humaliza kazi hiyo kwa nusu siku, kama akipanda wakati wa kiangazi na asisubiri mvua.

Linalostahili kutazamwa zaidi ni upenu na mifereji. Mvua ya milimita 40, ambayo si ya ajabu Kampala, ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 60 hushusha lita 2,400 za maji. Pasipo mifereji, maji hayo yote huanguka miguuni mwa ukuta, hurusha matope mpaka kimo cha goti, kisha huzama pale pale penye msingi. Wengi hudhani wana unyevu wa ardhini kumbe wana paa lisilo na mfereji. Mfereji na tangi humpa mtu faida mbili kwa mpigo, lakini tangi likijaa bomba la ziada lipeleke maji mbali na nyumba.

Siku hizi imeenea fesheni ya paa lililofichwa, ambapo kuta hupandishwa kulizunguka ili nyumba ionekane bapa kama ya majarida. Hupendeza machoni. Lakini upenu hauko tena, kuta zinapigwa na mvua moja kwa moja, na maji yote ya paa yanategemea mfereji wa ndani ambao ukiziba kwa majani machache hufurikia darini. Nyumba za asili za Buganda ziliteremsha nyasi za paa mpaka karibu na ardhi, na waliozijenga walijua mvua ya nchi hii. Anayeipenda fesheni mpya aandae angalau matundu mawili ya kutolea maji, si moja, na akubali kupanda juu kusafisha kila kabla ya msimu.

Kabla ya kulilaumu paa, kagua mabomba. Funga mifereji yote ya maji ndani ya nyumba, soma mita ya Shirika la Taifa la Maji, subiri saa moja bila kutumia tone, kisha soma tena. Ikiwa tarakimu zimesogea, kuna bomba linalovuja mahali fulani, pengine ndani ya ukuta uleule wenye doa.

Maji tunayoyatoa wenyewe

Njia ya tatu ndiyo inayowasumbua zaidi wanaoishi katika mizigo, vile vyumba kimoja kimoja vilivyopangana kwa safu chini ya paa moja. Mtu mzima aliyelala hutoa, kwa pumzi na jasho, takriban gramu 40 za maji kwa saa. Wazazi wawili na watoto wawili wakilala saa nane katika chumba kilichofungwa hutoa takriban lita moja. Matoke yaliyofungwa kwa majani ya mgomba hupikwa kwa mvuke kwa muda mrefu, na mvuke huo haubaki sufuriani. Nguo za mtoto zilizoanikwa kwenye kamba ya ndani kwa kuogopa mvua au wezi hukauka kwa kuyahamishia maji yake hewani. Hata jiko la gesi, ambalo wengi wamelihamia kwa sababu halitoi moshi, hutoa maji: kilo moja ya gesi inapoungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke. Makaa hayafanyi hivyo kwa kiasi hicho, ila yana ubaya wake, na tutaufikia.

Mvuke wote huo huonekana pale hewa inapopoa. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 25 huweza kubeba gramu 23 hivi za mvuke. Ikishuka hadi nyuzi 17, kama inavyoweza kuwa usiku wa mvua Kampala, hubeba gramu 14 na nusu tu. Kinachozidi hugeuka maji juu ya kitu kilicho baridi kuliko vyote, nacho ni bati. Ndiyo maana mtu huamka alfajiri akidhani paa linavuja ilhali mvua haikunyesha. Mahali palipo na dari, maji hutafuta pembe zenye baridi: nyuma ya kabati lililosukumwa ukutani, au chini ya godoro lililolazwa sakafuni.

Dawa ni hewa. Matundu yaliyo juu ya madirisha yaliwekwa kwa kazi hii, lakini katika nyumba nyingi yamezibwa kwa magazeti, matambara au saruji kwa sababu ya mbu. Hofu ya malaria ni ya haki. Basi matundu yafunguliwe na kuwekewa wavu wa mbu, ambao hupitisha hewa na kuzuia mdudu. Fungua mlango na dirisha la upande wa pili kwa pamoja kwa robo saa asubuhi. Upepo unaokatiza hukausha haraka zaidi kuliko dirisha moja lililo wazi. Pikia nje au barazani inapowezekana, funika sufuria, na anika nguo nje. Sogeza kabati sentimita tano au kumi kutoka ukutani. Godoro la sifongo liinuliwe, hata kama ni kwa mbao juu ya matofali. Bati lililowekewa dari, hata ya bei nafuu, hudondosha kidogo kuliko lililo wazi. Vibakuli vya chumvi au makaa vinavyopendekezwa na wengi hunyonya maji kiasi cha vijiko vichache, na chumba cha familia hutoa zaidi ya hayo kabla ya saa nne za usiku.

Kama bado una shaka kuhusu chanzo, kuna jaribio lisilo na gharama. Kausha sehemu ndogo ya ukuta kwa kitambaa, bandika kipande cha nailoni cha ukubwa wa sahani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache siku mbili. Maji yakijikusanya nyuma ya nailoni, yametoka ukutani. Yakijikusanya mbele, upande wa chumba, yametoka hewani.

Kuvu na kifua

Ukuta uliolowa kwa muda huota kuvu, ambayo wengine huiita koga, na kuvu hutoa mbegu ndogo mno zinazoelea hewani. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likieleza kuwa wakazi wa nyumba hizo wana hatari kubwa zaidi ya matatizo ya kupumua, maambukizi ya njia ya hewa na kuzidi kwa pumu. Watoto wachanga, wazee na wenye pumu ndio walio hatarini zaidi.

Kisa kilichobadilisha sheria kilitokea mbali, lakini kiliihusu familia iliyotoka karibu nasi. Desemba 2020, mjini Rochdale, Uingereza, alifariki Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili wa wazazi waliohamia huko kutoka Sudan. Novemba 2022 afisa wa uchunguzi wa vifo alithibitisha kwamba ugonjwa wa kupumua uliomwua ulisababishwa na kukaa kwa muda mrefu katika nyumba yenye kuvu. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017, na kuambiwa apake rangi. Sheria iliyopitishwa mwaka uliofuata, yenye kipengele kinachoitwa kwa jina la mtoto huyo, inawabana wenye nyumba za jamii nchini humo wachunguze na kurekebisha kwa muda uliowekwa.

Kuvu kidogo huweza kusafishwa nyumbani. Vaa glovu, funika pua na mdomo, fungua madirisha, watoe watoto nje. Sugua kwa maji na sabuni, kisha pangusa kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji, na usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya choo au yenye amonia, kwani hutoa hewa ya sumu. Usikwangue kuvu iliyokauka. Utazirusha mbegu zake chumba kizima. Godoro lililoota kuvu ndani haliponi.

Hapa ndipo sigiri inapoingia. Usiku wa mvua wapo wanaoingiza jiko la makaa ndani ili kupasha joto chumba au kukausha ukuta, kisha hufunga mlango na kulala. Makaa yanayoungua katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini bila kuwaamsha. Kuvu ya ukutani haimwui mtu kwa usiku mmoja. Sigiri huweza.

Mpangaji afanye nini

Mpangaji hawezi kuchimba handaki katika kiwanja kisicho chake. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inamkataza mwenye nyumba kupangisha nyumba isiyofaa kukaliwa na binadamu, na inataka mikataba yenye thamani ya shilingi 500,000 na kuendelea iandikwe. Kodi ya muzigo kwa mwezi mara nyingi iko chini ya hapo, na makubaliano hubaki ya mdomo, hivyo mpangaji ajitengenezee ushahidi: picha zenye tarehe, ujumbe wa simu au barua kwa mwenye nyumba, na nakala aibakize. Mazungumzo yakishindikana, mwenyekiti wa LC1 ndiye mlango wa karibu zaidi. Jibu ambalo wengi hupewa ni kwamba wao ndio wanaopika ndani na kufunga madirisha. Lile jaribio la nailoni hujibu hoja hiyo vizuri kuliko maneno: fanya, piga picha, umwonyeshe.

Chanzo kikishazibwa, ukuta nao unahitaji muda. Kadirio linalotumiwa na mafundi wa majengo ni mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, maana yake ukuta wa sentimita 15 huhitaji kama miezi sita, pengine pungufu pale penye jua na upepo. Ukipakwa rangi kabla ya hapo, iwe chokaa au rangi ya maji, isiwe ya mafuta. Chora kwa penseli ukingo wa doa lilipo leo na uandike tarehe pembeni. Mwezi ujao utaona kama linarudi nyuma au bado linapanda.